Programu ya Kumlinda Baba

Baba aliendesha treni zaidi ya miaka thelathini, na akili ilipoanza kumtoka, kitu cha mwisho kubaki kichwani mwake kilikuwa saa ya kuingia kazini. Alitusahau sisi kwanza. Mimi aliniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Na dada yangu, baba alimwita Mama, na hatukujua kama alimwita hivyo kwa upendo, kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, au kama kweli alimwona mama yake. Lakini kila asubuhi aliamka, akavaa shati, akafunga vifungo vyote bila kukosea hata kimoja, akaelekea mlangoni.

"Nachelewa gare," alisema, akimaanisha stesheni. "Wananingojea."

Nyumba yetu ya Kalemie iko karibu na reli. Siku ya kwanza alirudishwa na mwendesha pikipiki aliyemfahamu. Siku ya pili mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimkuta amesimama mbele ya behewa bovu, anakagua magurudumu yake. Baada ya hapo dada yangu akaanza kufunga mlango kwa ufunguo. Baba hakupigana naye. Alishika kitasa, akakivuta mara mbili, kisha akageuka akiwa na machozi.

"Nimefanya kosa gani, mpaka munanifunga?"

Dada yangu alimshika mkono akamrudisha kitini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa ameacha darasa lake ili akae naye. Mimi natengeneza kompyuta na mitandao ya maofisi mjini, na mara nyingine naitwa mbali, hadi Manono. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wake, na mimi nilijua hivyo. Labda ndiyo sababu nilitaka sana kuleta dawa ya aina yangu.

Kuna programu za kuangalia nyumba ambazo mtu anaweza kujiwekea mwenyewe. Zinakaa kwenye kompyuta yako, haziombi ruhusa kwa kampuni ya mbali, na hazijali kama intaneti ipo au imekatika, jambo kubwa kwetu ambako intaneti inakuja na kuondoka inavyotaka. Unabandika kihisi kidogo juu ya mlango. Mlango ukifunguka, kihisi kinaiarifu programu, na programu inaliza kengele jikoni. Dada yangu angeisikia, angeinuka, angetembea na baba hadi kwenye reli, wakatazama, wakarudi. Ufunguo ungebaki msumarini.

Kilichobaki ni kuchagua namna ya kuiweka hiyo programu, na hapo nilitumia wiki nzima.

Njia ya kwanza ilikuwa kuipa mashine yake peke yake. Nilikuwa na kikompyuta kidogo kama pakiti ya sabuni, alichoniachia mwenzangu wa kazi alipohama. Ukifuata njia hiyo, programu inakuja na mfumo wake kamili. Inatawala mashine yote, inajiwasha yenyewe umeme unaporudi, inajitunza, na ikiharibika unachomoa waya na kuuchomeka tena. Njia ya pili ilikuwa kuifungia ndani ya kontena, yaani kama kasha, kwenye laptopu yangu ya zamani, ikae pamoja na kazi zangu nyingine. Pale mambo mengi ungeyapanga mwenyewe kwa mkono. Kulikuwa na njia nyingine mbili, lakini hizo sikuzifikiria sana.

Nilijiambia kwamba laptopu ina betri, na kwamba kadi ya kumbukumbu ya kile kikompyuta ingekufa kwa umeme wa Kalemie unaokatika bila kuaga. Hayo yote ni kweli. Lakini sababu nyingine sikumwambia mtu. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi mno. Yeyote angeiweza. Mimi nilikuwa fundi, na nilitaka kazi ya kifundi.

Jumamosi moja, mchana, dada yangu alikuwa anamenya mihogo huku mimi nimekaa mezani na zile mashine mbili. Alinisikiliza nikimweleza, kisu hakikusimama.

"Yaya," alisema, kwani ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "siku uko Manono, na ile kitu imezima, mi nitabonyeza wapi?"

"Haitazima."

"Kila kitu inazimaka."

"Ina betri. Umeme ukikatika, yenyewe inaendelea."

Alitazama kile kikompyuta kidogo. "Na hii hapa, ikizima?"

"Hiyo unachomoa waya, unachomeka tena. Lakini si nzuri kama hii."

Aliosha mihogo, akaibandika jikoni. Mimi nikaiweka programu ndani ya kontena kwenye laptopu, na kabla ya jua kuzama kengele ilikuwa inalia kila mlango ulipofunguka. Baba alishtuka mara ya kwanza, kisha akatabasamu. Nadhani aliona ni kengele ya stesheni.

Wiki tano ilifanya kazi vizuri. Dada yangu alianza kulala mchana kidogo. Uso wake ulichangamka tena. Alitembea na baba kila asubuhi hadi kwenye reli, na baba alirudi ametulia, akala, akasema kazi ya leo imekwisha. Mimi nilijisifu moyoni. Nilipoitwa Manono kuweka mtandao wa ofisi moja, niliondoka bila wasiwasi.

Nikiwa huko, umeme ulikatika Kalemie siku mbili mfululizo. Betri ya laptopu ilishindwa mapema. Siku hizo mbili dada yangu alirudia ufunguo, na baba akalia tena mlangoni. Umeme uliporudi usiku, dada aliiwasha laptopu kama nilivyomwonyesha. Skrini ikaonekana, taa ikawaka. Akanitumia ujumbe: imerudi. Nikamjibu: vizuri, pumzika. Akautundika ufunguo msumarini.

Mashine ilikuwa imerudi. Programu haikurudi. Unapofunga programu ndani ya kontena, lazima uandike mstari mmoja unaoiamuru iinuke tena kila mashine inapoinuka. Mstari huo mimi sikuuandika. Niliwahi kuuandika kwenye maofisi ya watu mara nyingi, tena bila kufikiri. Kwetu nilisahau, kwa sababu siku ile kengele ililia na mimi nikafurahi nikaacha. Kile kikompyuta kidogo kingejiinua chenyewe bila mstari wa mtu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya matembezi yao, dada yangu alikuwa uani nyuma ya jikoni anafua mashuka. Baba alifungua mlango akaenda kazini.

Simu ilinifikia mchana. Dada hakulia. Alisema, "Papa hayupo, na kengele haikulia," akarudia maneno hayohayo, kisha mtandao ukakatika. Nilipanda pikipiki siku hiyohiyo. Njia ya Manono hadi kwetu ilinichukua siku tatu kwa mvua na matope, na kila mahali simu iliposhika nilikuta ujumbe mmoja tu: bado.

Walimpata siku ya pili, lakini habari hiyo niliipata siku ya tatu. Wanawake wanaouza makaa walimkuta mbali nje ya mji, amekaa juu ya mataruma ya reli, kiatu kimoja hakipo. Alikuwa ametembea juu ya kokoto za njia mguu mmoja peku, na unyayo ulikuwa umechanika hadi ndani. Alikuwa na kisukari. Alipowaona wale wanawake aliwaambia wasubiri, treni iko nyuma inakuja.

Hospitalini walijitahidi. Mguu ulivimba, ukageuka rangi. Daktari alituita nje ukumbini, akaongea polepole kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili dada na mimi tusijidanganye. Waliukata chini ya goti.

Baada ya hapo mlango haukuhitaji kihisi tena, wala ufunguo.

Siku tuliyomrudisha nyumbani, nilifungua ile laptopu nikasoma kumbukumbu zake. Sijui nilikuwa natafuta nini. Maandishi ya mwisho yalikuwa ya kabla ya betri kuisha: mlango umefungwa. Chini yake hakuna kitu. Siku zote mbili baba alizokuwa kwenye kokoto, kwa ile programu alikuwa ndani, salama, mlango umefungwa. Nilikaa mbele ya maneno hayo mpaka dada yangu akaja kusimama nyuma yangu.

"Inasema nini?"

Nilimweleza yote, pamoja na ule mstari. Nilitaka anitukane. Alivuta kiti akakaa.

"Mi si muntu wa mashini," alisema. "Lakini nilikuuliza nitabonyeza wapi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Hukunijibu. Ulichagua ile iliyokupendeza wewe, na anayekaa na Papa njo miye."

Aliinuka kwenda kumgeuza baba, kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

Baba aliishi miezi saba mingine. Kila asubuhi aliomba shati lake, na kila asubuhi tulimvika. Alijaribu kushuka kitandani, akaona mguu haupo, akashangaa upya kila siku kama mtu anayepewa habari kwa mara ya kwanza. Ule mshangao sikuuzoea. Niliacha safari za Manono na kujifunza kazi za dada yangu: kumgeuza, kumsafisha, kumlisha uji kwa kijiko bila kumharakisha. Kumbe kulikuwa na ufundi mwingi katika hizo kazi, na mimi sikuwahi kuuliza.

Alifariki Jumapili moja, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa peke yangu naye. Alikataa uji, akafumba macho, pumzi ikawa fupi, ikakoma. Nilikaa nimeshika bakuli hadi dada yangu aliporudi.

Baada ya matanga, dada yangu alikwenda Moba kwa ndugu za mama yetu. Alisema hawezi tena kulala katika nyumba ile, na shule yake ilikuwa imeshapata mwalimu mwingine. Sasa analima maharage huko juu kwenye baridi. Tunaongea kwenye simu mara moja kwa wiki. Ananiuliza habari za mvua, na kama nakula vizuri. Habari za baba hatuzigusi. Mwezi uliopita nilimuuliza kama atarudi Kalemie. Akaniambia niwasalimie majirani.