Shairi la Mahindi

Mwaka huo nilikuwa nimelewa ulimbwende, ule mkondo wa fasihi unaotukuza maumbile, hisia na nafsi ya mtu mmoja. Nilifundisha kidato cha tatu katika shule moja karibu na Huruma, hapa Eldoret, na nikaamua kwamba mambo kama hayo hayasomeshwi ndani ya kuta nne. Nikawatoa wanafunzi wangu wote arobaini na wanane hadi nyuma ya maabara, penye ua wa seng'enge na shamba la jirani.

"Tazameni maumbile!" nikawaambia, mikono nimeitandaza kama mhubiri. "Kila mtu aandike anachohisi yeye mwenyewe. Msifanane."

Kiranja akainua mkono. "Mwalimu, kuhisi ni alama ngapi?"

Ishirini, nikasema. Basi wakahisi. Jioni nikasoma mito arobaini na saba iliyotiririka kwa madaha, kila mto na ndege wake. Jamani, nyuma ya maabara hakuna mto. Kuna mtaro wa maji machafu.

Shairi moja tu halikuwa na mto. Lilikuwa la msichana mkimya ambaye babake alikodi shamba huko Chepsaita, na likizo zake zote ziliishia huko, jembe mkononi. Aliandika kwamba mahindi ni kitindamimba wa baba. Yakiingiwa na viwavi, baba halali. Yakififia, baba anauza mbuzi anunue mbolea. Yeye huulizwa tu kama amemaliza kupalilia.

Lilinichoma. Nami nikafanya nini? Nikatoa kalamu nyekundu. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, mwalimu mkuu alitaka shairi la kukaririwa, na mwongozo wa kusahihisha, nilioutunga mwenyewe, ulisema maumbile yatukuzwe. Nikamwita ofisini.

"Hili ni zuri, ila lina uchungu mwingi. Wazazi wanakuja kufurahi. Mbona mahindi yasiwe dhahabu?"

"Lakini mwalimu, nilitaka baba asikie hili."

"Atasikia tu. Utamwambia kwa lugha tamu."

Hakubisha. Wiki iliyofuata akaniletea dhahabu, jasho tamu na udongo mtukufu. Nilifurahi hata nikamwongezea mto.

Siku yenyewe alikariri bila kukwama. Makofi yakalia, kina mama wakapiga vigelegele, mwalimu mkuu akanisifu kwa kulea vipaji, nami nikakenua meno yote. Kisha babake akanijia, shati lake la kanisani amelifunga vifungo hadi shingoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa analia.

"Mwalimu, Mungu akubariki. Mimi nilidhani shamba linamchosha huyu mtoto. Nilikuwa nimeshaongea na shangazi yake hapa mjini, likizo hii akae kwake, apumzike, asome. Kumbe moyo wake uko Chepsaita! Kweli, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa nitakodi ekari mbili zaidi, tulime pamoja."

Msichana alikuwa amesimama kando yake, cheti mkononi. Alinitazama, akangoja. Ningeweza kumwambia mzee ukweli papo hapo. Shairi la kwanza lilikuwa bado kwenye droo yangu. Lakini mwalimu mkuu alikuwa hatua mbili tu kutoka tulipokuwa, anatabasamu.

"Hongera, Mzee," nikasema.