Bili ya Maji na ya Kutolea

Siku vijana wa kukata maji walipoingia mtaani kwetu, hapa Ujiji, mume wangu alikuwa amebakiza siku nne za kukaa nyumbani. Ilikuwa Jumanne. Jumamosi shemeji yangu, kaka yake mkubwa, angekuja na gari la kukodi kumpeleka Simbo, kijijini kwao, akauguzwe na ndugu zake. Nilishakubali. Ukiniuliza kama nilikubali kwa moyo au kwa kuchoka, mpaka leo sijui.

Kiharusi kilimpata miezi mitatu kabla ya hapo, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukafuata, maneno yakakatika. Mtu aliyekuwa karani bandarini Kigoma miaka yake yote ya kazi, aliyeweza kukutajia meli gani ilishusha nini na ilikaa siku ngapi, akabaki na "ba". Akitaka maji ya kunywa, "ba". Akikasirika, "ba ba ba". Tena akawa anacheka mahali pa kulia na kulia mahali pa kucheka. Jirani alikuja kutuambia amefiwa na mama yake, mume wangu akaangua kicheko mpaka mate yakamtoka. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Muuguzi alimpa kalamu aishike kwa mkono wa kushoto aandike jina lake. Akachora mikwaruzo isiyosomeka, akaitazama, akaitupa kalamu chini ya kitanda. Tangu hapo wote tukasema akili imekwenda. Tulisema hivyo mbele yake, kwa sauti ya kawaida, kama unavyosema redio imeharibika ukiwa umesimama mbele ya redio yenyewe.

Shemeji alikuwa akija kila wiki. "Mwakeye, shemeji," angenisalimia kwa Kiha chao, kisha angeketi, angepokea chai, na kuanza. "Huyu sasa ni mtoto. Hajui yuko Ujiji wala hajui yuko wapi. Wewe una biashara yako. Mwache aje kwetu, nyumba ina watu wengi, hatakosa wa kumwangalia." Nami nilikuwa na biashara kweli. Nauza mawese kwa jumla, natuma madumu Tabora na Mwanza, na mzigo haungoji mtu amalize kuogeshwa. Nilikuwa namwogesha mara mbili kwa siku, siku nyingine mara tatu. Nikifika sokoni mikono inanuka sabuni, nikirudi nyumbani mikono inanuka mawese. Hasira zangu nazo mnazijua mlionizoea. Nilikuwa namgombeza mgonjwa, halafu najifungia chooni kulia.

Basi Jumanne hiyo, kwenye saa nne asubuhi, kijana mmoja mwenye spana kubwa akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nyumba hii ina deni la maji. Tunaanzia kule juu. Tukirudi huku tukute umelipa, la sivyo tutafunga."

"Mmetoa taarifa lini? Mimi sijaona karatasi."

"Siku hizi hakuna karatasi. Meseji inakwenda kwenye simu ya mwenye mita. Unalipa humo humo kwenye simu, mama, dakika moja."

Mwenye mita alikuwa nyuma yangu, kwenye kiti chake karibu na dirisha, taulo shingoni. Simu yake niliifungia kabatini tangu alipotoka hospitali. Niliona simu ni ya kuongea na yeye haongei, ya nini kumtia uchungu. Nikaitoa, nikaichomeka kwenye chaji. Ilipowaka ikaanza kulia mfululizo, meseji za miezi yote zinaingia kwa pamoja, naye akageuza shingo kuitazama. Sikujali. Nilikuwa natafuta maji.

Nikaiona bili. Elfu ishirini na tatu na mia sita, na chini yake namba ndefu ya malipo, tarakimu kumi na mbili. Hela si tatizo, hiyo nilikuwa nayo kwenye simu yangu. Tatizo ni kwamba katika ndoa yetu bili zilikuwa zake. Alikuwa akiketi, anabonyeza simu, anamaliza chai ikiwa bado ya moto, anasema, "Tayari." Sikuwahi kumuuliza ilikuwa tayari vipi. Mwezi uliotangulia alilipa binti yetu aliye Dodoma, aliyeomba namba ofisi ya maji, na siku hiyo simu yake haikupatikana. Nikatoka mbio hadi kwa wakala wa pesa za simu wa kwenye kona. "Floti imeisha, mama, sina salio la kukulipia. Rudi saa nane." Saa nane! Huko juu spana zilikuwa zinalia kwenye mabomba.

Nikarudi, nikavuta kigoda nikakaa miguuni pa mume wangu kwa sababu ndipo penye mwanga. Simu yake mapajani pake, nisome namba. Simu yangu mkononi, nilipe. Binti alishaniwekea humo aplikesheni ya malipo na kunifundisha, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila kushika kitu. Nikafungua. Ikaniuliza nataka nini. Nikatafuta maji, nikakuta picha ya balbu, ya televisheni, ya ndege. Nani anapanda ndege kwenye simu? Mwisho nikaona bomba. Nikaingiza zile tarakimu moja moja, kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

Ikauliza kiasi.

Hapa lazima nieleze, maana baadaye binti yangu alinicheka mpaka akakata simu. Mimi nimelelewa kwamba ukimtumia mtu hela kwa simu, unaweka na ya kutolea. Mtu anakudai elfu ishirini, ukimtumia elfu ishirini kavu, akienda kutoa kwa wakala anakatwa, mkononi anapata pungufu. Hiyo ni dharau. Wateja wangu wa Tabora wote wanatuma na ya kutolea, na yule mmoja aliyekuwa hatumi nilimkatia mzigo. Kwa hiyo kulipa elfu ishirini na tatu na mia sita kavu hakukunijia akilini hata kidogo. Watu wamenipa maji, halafu niwaachie gharama ya kutoa?

"Naweka elfu ishirini na tano na mia tano," nikasema kwa sauti, nikabonyeza, nikaweka namba ya siri.

Simu ikazunguka, ikazunguka. "Malipo hayajafanikiwa. Kiasi ulichoingiza si sahihi."

Si sahihi kivipi? Nikafikiri tozo zimepanda. Siku hizi zinapanda na kushuka, nani anazifuata? Nikaongeza. "Elfu ishirini na saba, haya." Kiasi si sahihi. Nikasema pengine nimekosea namba, nikairudia yote kumi na mbili. Namba ilikuwa sawa. "Elfu thelathini! Chukueni elfu thelathini mniachie maji yangu!" Kiasi ulichoingiza si sahihi.

Sijawahi kukataliwa hela maishani mwangu. Nimekataliwa kukopeshwa, nimekataliwa bei, lakini kuikataa hela ninayotoa mwenyewe, tena na nyongeza, sikujua kama inawezekana. Nikaanza kuhisi labda wanatafuta sababu ya kutukatia. Labda mtu akipooza, na mita yake inafungwa. Mawazo ya kijinga, lakini ndiyo yaliyokuja.

"Ba," mume wangu akasema.

"Subiri."

"Ba ba."

Nikainuka nikamletea maji ya kunywa. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anataka chooni, nikaanza kumkamata kwapani nimwinue. Akajifanya mzito kama gunia. Nikamfuta mdomo, akaisukuma taulo. Akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja, pa, pa, pa, macho yamemtoka. "Unataka nini wewe?" nikafoka. "Huoni nina shida? Watakata maji, nitakuogesha na nini mimi?" Akatulia. Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, akangoja.

Sikuelewa. Nilidhani anaomba mkono wangu, kwamba anaogopa. Nikaweka mkono wangu kwenye kiganja chake. Akausogeza pembeni, kwa upole, na kunyoosha tena. Ndipo nikaona anatazama simu yangu.

Nikampa. Nilimpa kama unavyompa mtoto kitu anyamaze. Akaiweka juu ya paja, kando ya simu yake, akasogeza kidole gumba. Akarudi kwenye bomba. Akaingiza zile tarakimu kumi na mbili polepole, jicho moja kwenye simu yake jingine kwenye yangu, mate yanamdondoka na hajali. Kwenye kiasi akaandika elfu ishirini na tatu na mia sita. Kavu. Nikataka kumkataza, nikajizuia. Kisha akanirudishia simu, ilipofika mahali pa namba ya siri.

Akageuza uso ukutani.

Nilichelewa kuelewa anafanya nini. Nilidhani amechoka, au kuna kitu ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu. Aligeuka ili nisidhani anachungulia namba yangu ya siri. Ndivyo alivyofanya sikuzote, tangu tulipopata simu hizi, ingawa mimi ni mke wake. Hakuna aliyemwambia ageuke. Miezi mitatu tulikuwa tunasema hajui aliko.

Niliweka namba mara mbili maana mara ya kwanza nilikosea. "Malipo yamefanikiwa." Kijana wa spana alipofika nikamwonyesha kioo cha simu, akasema asante mama, akaenda nyumba ya pili. Jambo dogo kiasi hicho, na mimi nikabaki mlangoni nimeshika simu.

Nikarudi nikakaa kwenye kigoda. Kumwambia asante ilikuwa haitoshi, na kumwomba radhi nilikuwa sijui nianzie wapi. Nikasema, "Kumbe haina ya kutolea." Akacheka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi hiyo alicheka mahali pa kucheka.

Halafu akachukua simu yake mwenyewe. Bado ilikuwa wazi kwenye ile meseji ya bili, na chini yake pana nafasi ya kujibu. Akaanza kuandika humo humo, kwa kidole gumba cha kushoto. Anaandika herufi moja, anakosea, anafuta, anapumzika, anaandika tena. Sikumsaidia. Kalamu ilimshinda kwa sababu mkono wa kushoto haukuwahi kushika kalamu, lakini kubonyeza ulikuwa unajua. Kitu hicho hakikutujia akilini hata mmoja wetu, si mimi, si muuguzi, si kaka yake. Alipomaliza akanigeuzia.

Chini ya bili ya maji ilikuwa imeandikwa: Siendi Simbo.

Nilisoma mara nyingi kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Nikalia, na safari hii sikwenda kujifungia chooni. Yeye akaningoja nimalize, akagonga kioo kwa ukucha, kama alivyokuwa akifanya bandarini mtu alipochelewa kusaini karatasi, yaani nijibu.

Nikampigia shemeji nikiwa palepale. Nikamwambia gari la Jumamosi lisije.

"Kwa nini tena? Si tulikubaliana?"

"Mwenyewe hataki."

"Mwenyewe nani?"

"Shemeji, mdogo wako amekataa. Ameandika kwenye simu. Hataki kwenda Simbo."

Nilisikia kuku kwake, na mtu akitwanga. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika, ya mtu aliyechanganyikiwa kama mimi nilivyokuwa asubuhi ile.

"Sasa shemeji, habari za Simbo amezijuaje? Nani kamwambia?"

Mume wangu alikuwa ananitazama, anasikiliza kila neno.

"Sisi, shemeji," nikamwambia. "Kila wiki, mimi na wewe, tukinywa chai mbele yake."