AC mpya imeniumbua

Wasichana, kumbe AC ikinyamaza nyumba nzima inasikika!

Leo mafundi wa serikali wamekuja hapa Ruwais ninakofanya kazi za nyumbani. Wanawabadilishia watu wa kipato kidogo AC kuukuu, wanawawekea zisizokula stima sana. Bure!

Madam wangu ni mjane mzee, Mwarabu Mwislamu. AC yake ya dirishani ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga unga.

Mafundi walipoondoka akaanza kulalamika.

"Mbona haifanyi kazi? Haina sauti!"

Nikamwambia aweke mkono. Baridi tupu!

Nikarudi jikoni kukata vitunguu, na kama kawaida nikaanza wimbo wa kanisani.

"Nani anaimba?"

Nikakauka na kisu mkononi. Kumbe siku zote ile kelele ndiyo ilikuwa inanificha!

"Ni mimi, madam."

"Unaimba nini?"

Ningedanganya? Nikasema tu, "Namshukuru Mungu."

Mimi nikajiona tayari niko airport narudishwa Kenya.

Kisha akauliza polepole, "Na mama yako huimba?"

"Sana."

Akavuta kiti hadi mlango wa jikoni, akakaa.

"Yalla, endelea."

Nimeimba, jamani, huku nakata vitunguu. Nyinyi mngeweza?