Posa ya Koboko na Milango ya Bakteria

Nakumbuka, mwanangu, ile siku ya posa kule mji wa Koboko, miaka ya tisini, nilivyokaa kwenye mkeka kama bubu huku mjomba wangu akinizamisha. Cheka tu. Mimi sikucheka.

Nilikuwa nasoma chuo kikuu Kampala, likizo narudi kwetu Arua. Utafiti wangu ulihusu bakteria wa udongo, vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanaotengeneza dawa ya kuua bakteria wengine. Nyumbani sikumweleza mtu. Nilijiambia, hawa wakulima wataelewa nini? Kumbe mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa, kwa desturi mposaji hafungui mdomo. Mshenga ndiye anayemsemea. Mshenga wangu alikuwa huyo mjomba. Baba yake Zubeda, msichana niliyekwenda kumposa, alikuwa askari mstaafu tuliyemwita Afande. Akauliza, "Hii kijana iko nafanya kazi gani?"

Mjomba akakohoa, akajibu, "Iko nachimba udongo, Afande. Natia kwa chupa."

"Miaka tatu Kampala, nachimba udongo? Zubeda nachimba hapa kila siku, na jembe yake mwenyewe!" Akashika fimbo, akainuka aondoke.

Nilimpenda Zubeda mno, mwanangu, na nilimwona akiniponyoka hivi hivi.

Ndipo nyanya yake, aliyekuwa akipepeta mbegu za simsim hapo kando, akaamuru, "Wacha kijana aseme yeye mwenyewe."

Nikasema. Nikaeleza kwamba bakteria huyo ana milango mwilini ya kutolea dawa yake nje, na jeni anazorithi ndizo zenye maagizo ya kuijenga. Mimi kwa ujuaji wangu niliiharibu jeni mojawapo, nikitumaini dawa itajaa ndani niivune tele. Wapi! Ile dawa kali ikamrudi mwenyewe, akadhoofika, akatengeneza kidogo. Nilipomwongezea jeni ya mlango, dawa ikaongezeka.

Yule nyanya akaweka ungo chini. "Basi wewe na dudu yako iko sawasawa. Masomo umefungia ndani ya tumbo, hata mjomba yako hajui. Leo ilitaka kukuua!"

Kikao kizima kikaangua kicheko, mjomba akicheka kuliko wote. Afande akakaa tena. Loo, aibu niliyoiona! Lakini Zubeda nilimpata, na ndiye mama yenu anayeniita sasa hivi nimalize maneno, chakula kinapoa.

Basi sikiliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Unachokijua kitoe, tena uanze na watu wa kwenu, kwa lugha yao, bila kuwapima akili. Siku ya haja hao ndio watakaokusemea, na hawawezi kusema usichowaambia. Mungu akupe elimu, akupe ulimi wa kuigawa, na siku ya posa yako akujalie mshenga anayekujua.