Nyumba ya Mboga ya Mama Mitchelle

Kukhu alisukuma sahani taratibu, akaisogeza mbali naye kidogo, na Mourine akajua kwamba hata leo mama mkwe wake hatakula mboga. Ugali aliumega, akauchovya kwenye mchuzi, akatafuna. Sukuma wiki zikabaki pale pembeni, zikapoa.

"Umepika vizuri, mwanangu," Kukhu akasema haraka, asije akamuumiza. "Ila mboga nisiyojua imekunywa maji gani, tumbo langu linaikataa."

Mama huyu alikuwa ametoka Malava, baada ya kumzika mzee wake, akaja Dandora, Nairobi, kwa mwanawe Luseno apumzike kidogo. Jina lake la nyumbani halikutajwa na mtu pale kwenye ploti. Kwa kuwa Mitchelle ndiye mjukuu wake, kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya, hata majirani wasiojua neno la Kiluhya. Asubuhi alimwogesha mtoto, akampaka mafuta hadi masikioni, akambeba mgongoni akimwimbia kwa sauti ya puani mpaka alale. Mourine, aliyelelewa na shangazi asiyependa maneno mengi, alikuwa hajawahi kuwa na mtu wa kukaa naye jikoni, wakitoa kunde ndani ya maganda na kusengenya watu wa kanisani. Sasa alikuwa naye, na alimpenda.

Lakini Kukhu alikuwa akikonda. Gauni lake la Jumapili lilikuwa limeanza kumvaa yeye, badala ya yeye kulivaa. Na siku hizo hakukosa neno la kusema kuhusu basi la Kakamega, la kumrudisha kwao. "Nikifika nyumbani," alikuwa akisema, "nitakula saga hadi nisahau jina langu."

Basi Mourine akapanda saga, ile mboga chungu ya kienyeji. Nyuma ya ploti, kati ya bafu na ukuta, palikuwa na nafasi ambayo mwenye ploti alisema haimsumbui. Ardhi yenyewe ilikuwa mawe na vipande vya matofali, jembe lisingeingia, kwa hiyo Luseno alinunua udongo mwekundu kutoka kwa lori, wakaurundika juu ya mawe ukawa tuta refu. Saga ziliota vizuri. Shida ilikuwa upepo. Kila alasiri ulipogeuka, moshi wa jalala kubwa la jiji, lililokuwa karibu, ulileta majivu meusi, laini kama pilipili manga iliyosagwa, yakatua juu ya majani. Siku moja Kukhu alipitisha kidole kwenye jani, akakitazama kidole, akakipangusa kwenye leso, akarudi ndani.

Ni Luseno aliyeleta wazo. Kiwandani kwao, eneo la viwanda, kulikuwa na dereva aliyewahi kubeba maua, na huyo alimsimulia juu ya mashamba ambako maua yanalala ndani ya nyumba za nailoni kama watoto wa matajiri.

"Ikiwa maua yanafunikwa," Luseno akasema, "mboga za mama yangu zimekosa nini?"

Jumamosi wakaenda mjini kuuliza, Mitchelle mgongoni. Katika duka la kwanza kijana mwenye tai aliwaonyesha picha ya nyumba yenye nguzo za chuma, ndefu kama kanisa. "Shamba lenu ni ekari ngapi?" akauliza.

Mourine alitazama viatu vya mumewe ili asicheke.

"Ni nyuma ya bafu," Luseno akajibu.

Wakashuka soko la Gikomba. Huko walimkuta mtu anaitwa Javan, ameketi kati ya marobota mawili ya nailoni. Moja lilikuwa jipya, jepesi, linaloonyesha hadi upande wa pili. Jingine lilikuwa kuukuu, zito, limegeuka rangi ya chai ya jana, limetolewa kwenye mashamba ya maua, na bei yake ilikuwa nusu.

"Sister, chukua hii nzito," Javan akasema. "Hiyo nyepesi ni ya kufunika mandazi. Hii hata huyo mtoto ataolewa akiiacha."

Luseno alikwisha kuridhika, anapapasa unene wake kwa vidole viwili kama fundi wa nguo. Mourine akainusa. Ilikuwa na harufu kali iliyomkumbusha josho la ng'ombe. Hapo hapo Mitchelle akaunyaka ukingo wake, akaupeleka mdomoni, na Mourine akamnyang'anya kwa haraka hata mtoto akalia.

"Imepigwa dawa gani?"

"Dawa ya maua tu."

"Maua hayaliwi."

"Si utaiosha na Omo, mama!"

Mourine akakumbuka kile kidole na leso. "Tupimie ile nyepesi."

"Itapasuka haraka," Luseno akanong'ona.

"Ikipasuka tutabandika. Harufu utaibandika na nini?"

Javan akaanza kupima kwa hatua zake fupi. Mourine akamwomba, kwa heshima sana, apime kwa miguu ya Luseno. Javan akacheka, akakubali. "Huyu bibi yako ndiye angekuwa na duka," akamwambia Luseno.

Jumapili, Kukhu alipokuwa kanisani, wakajenga. Luseno alikata paipu nyeusi ya maji vipande vifupi, akavipinda juu ya tuta kama pinde. Umbo alilichagua Mourine mwenyewe: la chini, la kufika goti, lifunike tuta lote kuanzia kichwani hadi miguuni, pasibaki jani nje. Nailoni ilipovutwa juu ikang'aa nyeupe kwa jua. Wakaibana kwa mawe pande zote, na Mourine akaingiza kingo zake kwenye udongo kwa upole, kama anavyomfunika mtoto wake. Akaosha mikono, akangoja.

Kukhu aliingia na Biblia kwapani. Mourine akamshika mkono, akampeleka nyuma ya bafu, akimtazama usoni asikose kuiona furaha yake.

Furaha haikuja. Kukhu alisimama kwenye kona, mkono ukapanda hadi kwenye kitambaa cha kichwa, ukabaki hapo. Kisha akageuka, akarudi ndani. Mourine alipomfuata, alimkuta anakunja nguo zake na kuzipanga ndani ya begi.

"Kukhu, kuna nini? Nimekosea wapi?"

"Najua nimezeeka, mwanangu. Lakini sijafa."

"Ni saga zako nimefunika!"

"Udongo mwekundu umeinuka. Mawe kando. Shuka jeupe juu." Kukhu aliongea bila hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Kaburi kama hilo nimeliacha Malava, mbele ya mlango wangu. Nilikuja huku nisilione kila nikifungua mlango."

Mourine akaketi sakafuni pale pale. Jinsi alivyopanga na kubana kingo zile! Machozi yakamshuka. "Nitaling'oa sasa hivi," akasema. "Lote. Na mboga zake."

Kukhu akaacha kukunja. "Mboga hazijakosa," akasema. "Kwani ziko hai humo ndani?"

Wakatoka pamoja. Kukhu aliinua ukingo, akapitisha kidole kwenye jani. Kilitoka na unyevu tu. Akakitazama mbele na nyuma. Kisha akazunguka tuta lile lote, ameshika kiuno.

"Nyumba ya mtu aliye hai huwa na mlango," akasema. "Hii mtu anaingilia wapi?"

Mourine akatazama nailoni. Kila siku ya Mungu alikunja nepi, na alijua kitambaa kirefu ukikigeuza kinakuwa kipana. "Tuigeuze," akasema. "Ule urefu wake upite juu, uwe kimo."

"Tutapoteza nusu ya tuta!" Luseno akalalamika.

"Nusu inayoliwa si bora?"

Luseno akang'oa pinde, akaziunganisha mbilimbili kwa vipande vya mpini wa ufagio, zikapanda hadi kifuani. Udongo wakaugawa mafungu mawili, njia katikati, na saga wakazihamisha na mizizi yake jioni hiyo hiyo. Nailoni iliyobaki ikawa ukuta wa nyuma na pazia la mlango, la kufunguliwa mchana hewa ipite na kushushwa moshi ukija. Mwelu, jirani yao Mkamba, aliacha kuanika nguo akaja kutazama.

"Mama Mitchelle, hii sasa ni nyumba kamili. Mkilegea, mwenye ploti atawaletea mpangaji."

"Mpangaji ni mimi," Kukhu akasema, akainama, akaingia.

Saga zilizohamishwa zilinyauka kidogo, kisha zikainua vichwa. Asubuhi moja Kukhu alitoka mle amejaza leso, maua meupe ya saga yamemng'ang'ania kwenye nywele. Alizipika mwenyewe na maziwa, polepole, na chakula kilipotengwa aliomba aongezwe ugali, halafu akaomba tena.

Luseno alikuwa anajiandaa kwenda Malava kuangalia boma. "Mama, nikupelekee salamu gani?"

"Salamu waambie mimi mzima. Na uniletee nyungu yangu ya kupikia mboga, ile kubwa. Na mbegu za mrenda, ziko juu darini."

"Nyungu yote ile nzito, mama? Halafu ukirudi, tena niibebe?"

Kukhu alikuwa akifuta sahani kwa tonge la mwisho. "Ni nani amesema ninarudi?"

Mourine aliinamia jiko, akaendelea kusonga ugali ambao ulikuwa umeshaiva zamani.