Kura Nane za Maharage

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo, Mkuu wa Idara alinikabidhi vitu viwili: bunda la karatasi za manila na mfuko wa maharage ya njano. Mimi mtu wa Korogwe, nimesafiri mpaka tumbo limeshikana na mgongo, nikadhani ni ya mboga na nikashukuru kwa moyo wote. Akanitazama juu ya miwani.

"Hayo hayapikwi, binti. Hayo ni kura."

Nyinyi vijana mnaoingia vijijini na vishikwambi huenda hamkuyaona haya. Afisa maendeleo ya jamii, ambaye vijijini aliitwa Bibi Maendeleo tu, alitandika chini picha za kisima, ghala, zahanati na barabara. Kila mwanakijiji alipewa punje kumi, akazigawa juu ya picha kadiri ya shida yake. Tuliita kupanga vipaumbele. Picha yenye punje nyingi ndiyo iliyokwenda kwa mfadhili.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa Kumsenga. Mama Yeremia, mwanamke mfupi aliyeletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto, alizigeuza punje zake kiganjani, akanusa moja.

"Bibi Maendeleo, haya yametoka wapi?"

"Weka tu, mama, watu wanasubiri."

Mimi ninayeuliza mpaka jina la mbuzi, siku hiyo sikuuliza kitu. Ghala likashinda. Nilipohesabu, punje nane hazikuonekana.

Mkuu wa Idara alikuwa mtu wa haki, ila aliwaogopa wafadhili. "Hesabu isipotimia watasema mkutano ni batili, na Kumsenga wanatolewa kwenye orodha. Na wewe uko kwenye majaribio." Majaribio ni mwaka wa kwanza, kabla hujathibitishwa kazini, kosa dogo linakurudisha kwenu. Akanipa wiki mbili nizipate.

Zilikuwa zimekaribia kuisha nilipomkumbuka yule mama mwenye swali. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ameinamia tuta dogo lenye miche minane, majani mawili mawili. Hakukimbia, alinisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mwakeye, Bibi Maendeleo. Usinifunge. Mbili niliweka kwenye ghala. Hizi ni imbuto ya mama yangu, mbegu aliyotoka nayo kule. Mwaka wa njaa tuliila yote, nikajua imekwisha duniani. Sasa hilo ghala ningeweka nini ndani?"

Niliona aibu, nikakaa palepale kwenye udongo. Picha nne tulizichora ofisini, hakuna aliyewaza kuchora mbegu, na mbegu yenyewe tulikuwa tumewashikisha mikononi. Nilirudi nikamweleza Mkuu wa Idara kila kitu.

"Hadithi nzuri," akasema. "Ziongeze kwenye ghala, usaini."

Nikasaini. Ghala likajengwa, nami nikathibitishwa.

Nilipohamishiwa Kasulu nikawa mtu wa maswali mpaka nikakera. Kijijini Titye nilikaa siku tatu bila kutandika picha hata moja, nikipalilia na wanawake na kuwauliza nani ana mbegu gani na alipewa na nani. Mratibu wa Mradi, mgeni kutoka ng'ambo, akaniuliza kazi itaanza lini. Nikamwambia ilianza juzi. Alinuna, lakini siku ya nne alikuwa na jembe, analima vibaya na anauliza kunizidi. Si kwamba kila mahali nilipatia. Kitanga waliniambia mara moja kwamba wanataka maji, wakashangaa kwa nini naendelea kuuliza. Walikuwa na haki ya kushangaa.

Juzi, nikiwa mstaafu, nilipita Kumsenga kusalimia. Mama Yeremia, bibi kizee sasa, alinijazia kopo la maharage ya njano. Pale kwao mbegu hiyo haiuzwi. Unampa jirani, akivuna anarudisha, na sasa kila nyumba inayo.

"Kura zako hizi, Bibi Maendeleo. Ghala lenu lipo, mbuzi wanajikinga mvua. Watu mavuno wanaweka ndani kwao."

Nikamtolea lililonikaa moyoni miaka yote. "Mama, zile nane, kwenye ripoti niliziandikia ghala."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe. Ndiyo maana halijawahi kujaa."