Aliyegeukia Mabasi Tu

Kuna siku moja ambayo sijaacha kuikumbuka, mwanangu, na jana jioni ukanirudisha pale pale bila kujua. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka na simu yako, unacheka peke yako, nikakuuliza kinachokuchekesha. Ukaniambia ni mchezo. Mtu msiyemjua anaandika sauti anazozisikia kila siku nyumbani kwake, nanyi mnambashiria tabia. Mmoja aliandika kwamba anasikia jogoo, mashine ya kusaga na redio ya jirani. Wewe ukamjibu kwamba ni mvivu, anapenda umbea, na hana mke.

"Bibi, nimempatia! Amekubali mwenyewe," ukasema. "Na wewe tukubashirie?"

Nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia ndani. Kichwa hakikuwa kinauma. Leo kaa hapa nikueleze, na hiyo simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Nilipokuwa na umri kama wako nilitoka kwetu Kwamsisi nikaja Korogwe kujifunza ushonaji. Tulikuwa watatu kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bwana Amirali, kule Old Korogwe: mimi, msichana mwenzangu mmoja, na Mama Sefu, fundi wetu, ambaye ndiye aliyekuwa pia mama yetu wa mjini. Cherehani zetu zilikuwa za kukanyaga kwa miguu. Ukishona kwa cherehani ile huna nafasi ya kutazama watu, maana ukizubaa sindano inaingia kidoleni. Kutwa nzima tulikuwa tumeinama, na wateja wetu tuliwajua kwa viatu vyao.

Mama Sefu akatuanzishia mchezo. "Msihangaike na uso wa mtu," alisema. "Mwibieni jicho moja tu, mwone anageukia sauti gani." Anayegeuka mfuniko wa sufuria ukilia kwa mama lishe wa jirani, huyo anatawaliwa na tumbo. Anayegeuka wasichana wakicheka, huyo hatukuhitaji kuambiwa. Anayegeuka mtoto akilia, huyo ana moyo mzuri, mshonee vizuri. Na anayegeuka basi likipiga honi barabarani, huyo si wa kukaa, leo yupo kesho hayupo.

Niliupenda mchezo ule, na niliuweza kuliko wenzangu. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeshtuka kila mara Bwana Amirali alipofunga mlango wake wa chuma. Nikanong'ona kwamba huyo anapigwa na mumewe. Wakaniambia niache uchuro. Haukupita mwezi, yule mama akaja na jicho limevimba, akaomba tumshonee haraka gauni la kusafiria, anarudi kwao. Tangu hapo nilijiona mganga. Nilitembea Korogwe nzima nikiwahukumu watu kwa namna vichwa vyao vilivyogeuka, na hakuna aliyeniambia kwamba nimekosea, kwa kuwa sikumuuliza yeyote.

Ndipo akaja Rajabu. Alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge, tena ndani ya kiwanda chenyewe, kwenye mashine ya kuchambua majani ambayo wao huiita korona. Babu yake aliletwa kutoka kusini kama manamba, kibarua wa mkataba, zamani za wazungu, akazikwa huko huko shambani. Rajabu alileta suruali ipunguzwe urefu. Wiki iliyofuata akaleta shati lenye tundu dogo ambalo, nakuapia, alilitoboa mwenyewe. Baadaye akawa anakuja bila nguo yoyote ya kushona. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na akicheka mabega yalitikisika lakini sauti haikutoka. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu kabisa, akanitazama mdomo.

"Huyu anakutazama mdomo kana kwamba umeficha pipi," Mama Sefu alisema, nami kwa haya nikavunja sindano.

Nilimpenda, mwanangu. Kwa umri huu nikufiche nini? Siku niliyojua atakuja nilivaa khanga yangu nzuri, nikajidai ndiyo iliyokuwa juu kwenye sanduku. Lakini mchezo wangu ulikuwa ukiniambia mengine. Basi likipita, Rajabu anageuka. Lori la mkonge likipita, anageuka. Kengele ya baiskeli ya muuza maziwa ikilia nyuma yake, hasogei mpaka nusura agongwe. Mara nyingine nilimsemesha nikiwa nimeinamia kazi, asijibu kitu, anatabasamu tu. Nikasema moyoni, hiki ni kiburi.

Basi siku hiyo ninayokuambia, mtoto wa mama lishe aliteleza kwenye ngazi za baraza, hatua mbili nyuma ya mgongo wa Rajabu. Akalia kilio cha kuita mtaa mzima. Bwana Amirali alitoka mbio na mkasi mkononi. Mama Sefu aliacha cherehani inazunguka. Rajabu alibaki amekaa, ananitazama mimi. Mtoto anatoka damu mdomoni, yeye anatabasamu. Halafu basi likapiga honi kule barabarani, akageuka kulitazama.

Nilisema, huyu hata nikimzalia watoto kumi hatawasikia.

Wakati huo mshenga wake alikuwa amekwisha kufika Kwamsisi na barua ya posa. Baba yangu alikuwa marehemu, kwa hiyo barua ilipokewa na baba mdogo. Akafunga safari kuja Korogwe kuniuliza mwenyewe, jambo ambalo si wazee wote walilifanya siku zile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana unamfahamu? Nimjibu nini?"

"Namfahamu," nikasema, na sikuacha hata kukanyaga cherehani. "Masikio yake yako barabarani. Mtoto analia nyuma yake hageuki. Mwambie hapana."

Barua ikarudishwa. Rajabu hakuonekana tena pale barazani. Siku ya nne, tulipokuwa tukifunika cherehani, Mama Sefu akanishika mkono.

"Ulimuuliza kwa nini hakugeuka?"

"Nimuulize nini, Mama, na nimeona kwa macho yangu? Si wewe uliyetufundisha?"

"Mimi?" akasema. "Mwanaidi, ule mchezo niliuanzisha ili tusisinzie."

Sikumwelewa. Nilidhani anazeeka tu, akili imeanza kumchoka.

Mvua za vuli zilipokwisha, Bwana Amirali akapata kazi ya kushona nguo za wafanyakazi wa shamba lile, akanituma na tepu nikawapime. Kwa mara ya kwanza nikaingia ndani ya jengo la korona. Majani ya mkonge yanaingia upande huu, nyuzi zinatoka upande ule, na katikati kuna mngurumo unaousikia mpaka kwenye meno. Sakafu inatetemeka, maji ya kijani yananuka, na watu wanaongea kwa mikono. Nilipima watu tangu asubuhi mpaka saa sita mchana, kisha nikatoka nje kwenda kunawa bombani.

Pale bombani palikuwa na mama amembeba mtoto mgongoni. Mtoto amefumba macho, amefungua kinywa chote, machozi yanamtiririka, nami sisikii chochote. Nilisimama nikikitazama kinywa kile. Lori likapita nyuma yangu, nikalisikia kifuani, nikageuka.

Nilikaa chini kwenye matope, na gauni langu, na tepu shingoni. Yule mama akadhani naumwa. Akaniinamia, akaanza kusema, na mimi nikajikuta namtazama mdomo ili nipate maneno yake.

"Usiogope, dada," nilimsoma zaidi kuliko nilivyomsikia. "Masikio yako yatarudi kesho. Sisi wa humo ndani yetu yalishakwenda. Sauti nzito za magari tunazisikia. Watoto ndio hatuwasikii."

Nikamuuliza habari za Rajabu. Akasema alikuwa kwenye mashine ile tangu ujana wake unaanza, na alikuwa akificha, kwa sababu aliogopa akijulikana hasikii atatolewa kazini, na kwa sababu aliwaambia wenzake hakuna msichana atakayemtaka kiziwi. Sasa ameacha kazi, amehamia Handeni, analima mahindi.

Niliomba ruhusa kwa Mama Sefu, nikapanda gari la Handeni siku ya gulio. Njia nzima nilipanga maneno. Nitamwambia nimekosa. Nitamwambia barua irudi, safari hii nitaipokea mimi mwenyewe kwa mikono miwili. Nikamwona kwa nyuma, kwenye magunia ya mahindi, mabega yale yale. Nikaita, "Rajabu!" Hakugeuka. Nikaita tena, watu wengine wakageuka. Dada mmoja aliyekuwa akipima mahindi kwa debe kando yake aliniona naita, akamgusa begani kwa vidole viwili, taratibu, akamwonyesha niliposimama. Nilipouona mguso ule nilijua kwamba nimechelewa.

"Mwanaidi! Karibu, karibu sana. Huyu ni mke wangu."

Nilimpa mkono. Alikuwa na uso mwema, na ningefurahi kama angekuwa na uso mbaya, Mungu anisamehe. Akasema anakwenda kunitafutia soda, akachukua muda mrefu, nadhani kwa makusudi. Nikasimama mbele ya Rajabu, nikamtazama, nikasema polepole:

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Kila nikija nilikuja kukuambia," alisema. "Nakukuta umeinamia cherehani. Nikasema moyoni, nitangoja. Siku atakayoinua uso akaniuliza chochote, hata kama ni jina la babu yangu, siku hiyo nitamwambia yote."

Nilikunywa soda ile mpaka mwisho, maana ningefanya nini? Nikarudi Korogwe na gari la jioni.

Miaka miwili baadaye niliolewa na babu yako, na babu yako alikuwa mtu mzuri, nilipomzika nililia kwa haki. Usidhani nakuambia haya kwa kumdharau. Lakini Rajabu nimemkumbuka miaka yote. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni huwa nazungumza naye, nikiufungua mdomo vizuri kila neno, kama ambavyo ningezungumza naye tungezeeka nyumba moja. Namweleza bei ya mafuta ya taa, namweleza wewe umefaulu mtihani. Ni upuuzi wa mzee, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kubashiri sikukatazi, kunachangamsha, na mara nyingine utapatia. Mimi nilipatia kwa yule mama wa gauni la safari, na huko kupatia ndiko kulikoniharibia. Ukishaona mtu anageukia nini na hageukii nini, umeona mlango tu, hujaingia ndani. Usimjibie. Acha unachokifanya, hata kama ni kazi ya haraka, umwendee, umwulize kwa maneno yako mwenyewe kwa nini yuko hivyo. Uliza mapema, angali amekaa mbele yako. Akikuambia jambo baya, umelisikia kwake. Akikuambia jambo la kukuliza, angalau mtalia wawili. Mimi sikuuliza swali moja ambalo lingenichukua muda wa kuvuta pumzi, na nimeishi nalo maisha yangu yote.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe afya na kizazi chema. Na akujalie mtu wa kukungoja, kisha akujalie kuinua uso kabla hajachoka.